Nilivyoukalia Umeme wa Mkwe Wangu

Mkwe wangu Projest nimemfahamu kisogo zaidi kuliko uso. Sisemi kwamba uso wake ni mbaya. Placidia, binti yangu aliyeolewa naye, anasema ni mzuri sana, nami namwamini kwa kuwa sina njia ya kuhakikisha. Huku kwetu Karagwe mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani. Hawapeani mkono, hawali chungu kimoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia migombani mpaka mwenzake apite. Mimi nikisikia baiskeli ya Projest inateremka, najitupa kwenye mibuni kama kuku aliyeona mwewe. Yeye akisikia kikohozi changu, anageuka kutazama kilima cha pili, akijifanya anakagua ng'ombe wa watu. Basi kwa miaka yote hiyo nimekisoma kisogo chake vizuri. Ni kisogo cha mtu mbishi.

Na huyo mbishi ndiye aliyekuwa na umeme.

Umeme wa serikali ulikuwa haujafika Kimuli. Wa Projest ulifika mwaka ule ule vyama vingi vya siasa vilipoanza, na watu walikuwa hawajui washangilie kipi kwanza. Alikuwa na mashine ya kusaga pale senta, inaendeshwa na injini ya dizeli. Mchana injini ilisaga mahindi. Jua likizama, Projest alihamisha mkanda, akaufunga kwenye dainamo, akapiga hendeli, na nyumba za senta zikawaka. Waya mmoja aliushusha mpaka kwetu bondeni, kwa sababu watu wangemsema vibaya kama wazazi wa mke wake wangeendelea kukaa na koroboi huku yeye ana mwanga wa kumulika hadi kuku. Hapo nampa haki yake.

Kasoro ilikuwa kwenye nguzo. Projest hakutaka kuhangaika kutafuta miti mikavu, akakata ya mtoma, ule mti ambao babu zetu waliutoa gome la kushonea nguo. Kila mtu wa Karagwe anajua kwamba ukichomeka gongo la mtoma ardhini wakati wa mvua, linaota. Hata mtoto anajua. Projest naye anajua. Lakini siku ile ya kuchimba mashimo akili yake yote ilikuwa kwenye umeme, mvua hakuikumbuka.

Mvua ilipokuja, nguzo zikatoa majani.

Jirani yangu Nyirabageni, ambaye wazazi wake walitokea Rwanda, na ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika tangu wahamie hapa, alikuja asubuhi moja na jembe begani, akasimama nyuma ya jiko langu, akainua kichwa. Akasema, "Ma Adelgunda, mpelekee mkwe wako hongera. Umeme wake umeshika mimba."

Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Nguzo za kule senta Projest alizipogoa mwenyewe kwa panga. Lakini ile ya mwisho, iliyosimama nyuma ya jiko langu, hakuna aliyeigusa. Ikawa mti kamili. Ndege wakajenga. Waya, ambao haukuwa na nguo hata moja mwilini, ukapita katikati ya majani, na mvua ikinyesha, majani yakawa yanaunywa umeme kabla haujanifikia mimi. Taa yangu ikawa nyekundu kama jicho la mlevi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nikitaka kuona kama taa inawaka, nilikuwa nawasha kiberiti.

Nikalalamika. Sasa nieleze utamlalamikiaje mtu usiyeruhusiwa kumtazama. Nilimtuma Placidia.

"Mama, Projest anasema hawezi kuja kupanda nguzo nyuma ya jiko la mama mkwe wake. Ni mwiko."

"Mwambie nitampisha. Nitakwenda kushinda kwa Nyirabageni."

Placidia akaenda, akarudi. "Anasema hata ukiondoka, mchi wako uko pale, na mkeka wako uko pale. Ni kama uko."

"Basi atume fundi."

"Anasema waya zake anazijua mwenyewe. Fundi wa mwisho alimchanganyia."

"Basi nitamwomba mtu yeyote mwenye panga."

Placidia hakwenda hata kuuliza. Hilo jibu alikuwa nalo tayari. "Anasema atakayegusa nguzo yake, atamkatia umeme."

Nikamfikiria yule mkwe. Mwiko aliukuta kwa wazee, hilo kweli. Lakini niliona pia kwamba mwiko unamfaa. Ulimzuia kupanda mti kwenye tope, na haukumzuia kulala usingizi wake. Malalamiko yangu yalikuwa yanapanda kilima asubuhi na kushuka jioni, yamechoka kuliko mimi.

Ningeweza kuyaacha hivyo hivyo. Nilizaliwa gizani, nikazalia gizani, koroboi naijua. Lakini mwezi wa Novemba ulifika, na mume wangu, Ta Rweyemamu, alikuwa hali chakula.

Alikuwa ameugua tangu wakati wa kuchuma kahawa. Homa iliondoka, hamu ya kula haikurudi. Nilimpikia ndizi kwa maharage, akageukia ukutani. Nilimpikia ndizi kwa nyama, akageukia ukutani. Uji alikuwa anaulamba kama paka aliyeshiba. Shati alilovaa kwenye ndoa ya dada yake mdogo lilikuwa linamning'inia kana kwamba limetundikwa kwenye msumari. Daktari wa hospitali alinivuta pembeni akaniambia kwa heshima, "Mama, ugonjwa umekwisha. Sasa ale. Asipokula, mimi sina dawa nyingine ya kumpa."

Usiku huo sikulala vizuri. Kesho yake nikamuuliza, "Ta Rweyemamu, niambie wewe mwenyewe. Kitu gani utakula?"

Akakwaruza ukuta kwa kidole. Halafu akasema kwa sauti ndogo, bila kugeuka, "Senene."

Mama wee! Nilitaka kuruka juu.

"Senene wa mkono wako," akaongeza.

Hapo nikatua chini. Kwa mtu asiyetoka huku, niseme: senene ni wale panzi wa kijani wanaokuja na mvua za mwisho wa mwaka, na mtu wa Kagera akiwapata, nyama anaisahau. Desturi ya kwetu ni kwamba mke ndiye anayewakamata, anawakaanga, anampa mumewe. Wa kununua ni chakula tu. Wa mke ni heshima. Zamani sisi wanawake tulikuwa haturuhusiwi hata kuwala, na mimi niliishika desturi hiyo kwa uaminifu mkubwa. Nilikuwa nahakikisha tu kwamba hawana sumu. Mwanamke mwangalifu anahakikisha wengi.

Nikamwambia, "Placidia atakuletea. Kwenye taa kubwa ya mashine wanaanguka kama mvua ya mawe."

"Placidia ni mke wa Projest. Senene wake ni wa mumewe."

"Basi nitanunua sokoni."

"Kula wewe."

Nikajua hapo hakuna njia nyingine. Wakati nina miguu nilikuwa nawakamata kwenye nyasi alfajiri, wakiwa wazito kwa umande, nikikimbia kilimani na kikapu. Sasa magoti yangu yakisikia neno kilima yanaanza kupiga kelele. Njia iliyobaki ilikuwa taa: taa nyeupe kali nje ya nyumba, shuka jeupe ukutani, bati limeegemezwa, na mimi nimekaa chini nawangojea kama mfalme. Na taa yangu, nimekwisha kueleza, ilikuwa jicho la mlevi.

Basi siku moja, saa nne asubuhi, Nyirabageni akaja anahema. "Ma Adelgunda! Wale wadudu wenu wameanguka Rugu jana! Watu wamekesha! Wanasema leo wanakuja huku!"

"Nani kasema?"

"Kila mtu! Senta wameshaanza kupanga mapipa na mabati. Mkwe wako ameweka balbu kubwa kama boga." Akanikazia macho. "Hata mimi sijui kwa nini nafurahi. Nyinyi watu mnakula panzi, Mungu awasamehe."

Nilitazama chumbani. Ta Rweyemamu alikuwa amesikia. Alikuwa amejigeuza, uso uko mlangoni, macho yamefunguka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi nisikutane na kisogo katika nyumba yangu.

Senene hawamngojei mtu. Wanaweza kushuka leo, kesho wakaenda Nyakatuntu, wakakuacha unatazama anga. Nikafikiria mchana kutwa huku namenya ndizi. Na kuna mahali katikati ya zile ndizi, wazo likaja, nikaanza kucheka peke yangu hata kisu kikanianguka.

Jioni, jua likiwa juu kidogo ya kilima, nikamwachia Ta Rweyemamu uji, nikachukua kigoda changu, mchi wangu na mkeka wangu, nikampitia Nyirabageni.

"Unahama?" akaniuliza.

"Nakwenda kulalamika. Nibebee mchi."

Chumba cha injini kilikuwa cha matofali, kimeegemea mashine ya kusaga. Kilikuwa na mlango mmoja tu, na dirisha ambalo paka mnene asingepita. Projest alikuwa bado nyumbani kwake anakunywa chai. Nikaweka kigoda changu katikati ya mlango, nikakaa, nikatandika mkeka kando, mchi nikaulaza magotini, nikajifunika kanga kichwa kizima ili nisije nikamwona mkwe wa watu. Maana mimi ni mtu wa adabu.

"Nyirabageni," nikasema ndani ya kanga, "wewe ndiye macho yangu. Nitangazie."

Nyirabageni hajawahi kuombwa kitu akakipenda hivyo. Akakaa karibu yangu, akaanza kutangaza kama mtu wa mpira kwenye redio. "Watu wanaanza kuja. Wana mapipa. Wana ndoo. Wanatutazama. Wananong'ona. Sasa... sasa mkwe wako anatokea! Hendeli iko begani! Anakuja, anapiga mluzi, anakuja... ameona kigoda! Ameona kanga! Amegeuka! Amejificha nyuma ya magunia ya pumba! Hendeli inaonekana, yeye haonekani!"

Watu wakacheka kicheko cha kujaza uwanja.

Kutoka nyuma ya magunia ikaja sauti. "Placidia! Placidia! Mwambie mama anataka nini hapo?"

Binti yangu akaja mbio, kikapu cha senene mkononi. "Mama, jamani! Projest anauliza unataka nini."

"Mwambie nimekaa kupumzika. Magoti."

"Anapumzika," Placidia akamwambia. "Magoti."

"Apumzike pengine! Nataka kuwasha injini!"

"Mama, anasema upumzike pengine..."

"Mwambie awashe tu. Mimi simzuii. Nimejifunika, simwoni. Aje apite hapa juu ya miguu yangu."

Uwanja mzima ukaguna. Mkwe kuruka miguu ya mama mkwe wake! Heri angeambiwa aruke nyumba. 

"Anafanya nini?" nikamuuliza Nyirabageni.

"Hendeli imeshuka chini. Nadhani amekaa."

Jua likaanza kugusa kilima. Watu waliokuwa wamepanga mapipa wakaanza kuona kwamba mchezo huu ni wao pia. Bila injini hakuna taa, bila taa hakuna senene. Wakapaza sauti. "Projest, washa!" "Nitawashaje, hamuoni?" "Ma Adelgunda, tuonee huruma!" "Mpandie dirishani!" "Dirisha hilo kichwa hakipiti!" Kuna mmoja akapendekeza nibebwe na kigoda changu. Nikaugonga mchi chini mara moja tu, pendekezo likafa.

Wakamwita balozi wa nyumba kumi. Elpidius huyo nilimpokea mimi kwa mikono yangu siku mama yake alipomzaa migombani, lakini cheo kikimpata mtu kinamsahaulisha mengi. Akaja akiwa amevaa koti.

"Ma Adelgunda," akasema kwa sauti ya mkutano, "mimi kama balozi nakuagiza..."

"Nani huyo anayeongea? Sijasikia mtu akiniamkia."

Watu wakaguna. Balozi akakohoa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu Elpidius. Mama yako hajambo? Haya, sasa niagize."

Lakini mtu aliyekwisha kuamkia anaagiza kwa shida. Sauti ikamshuka. "Mama, naomba tu kujua tatizo."

Nikamweleza lote, kwa sauti ya kutosha kupenya magunia ya pumba. Nguzo iliyoota majani. Taa iliyo jicho la mlevi. Malalamiko yaliyopanda na kushuka kilima. Na Ta Rweyemamu, ambaye wengi wao walinywa rubisi yake, amelala kule bondeni amegeuzia uso wake mlangoni, akingojea senene wa mkono wa mkewe. Niliposema hayo ya mwisho, nilitaka sauti iwe ya mzaha kama nilivyozoea. Haikukubali. Watu wakaweka ndoo zao chini.

"Projest," Elpidius akaita, "umesikia?"

"Mwambie mama," sauti ikasema, na ilikuwa imelainika, "baba namheshimu sana. Lakini desturi iko. Siwezi kupanda nyuma ya jiko lake. Watu watasemaje?"

Elpidius akanigeukia. "Mama, anasema..."

"Nimesikia."

"Usiseme umesikia, mama. Hujasikia mpaka niseme. Anasema desturi inamkataza."

"Na mimi mwambie desturi hiyo naipenda. Tena ndiyo nimekuja kuilinda. Yeye hawezi kuja kwangu kwa sababu mimi niko kwangu. Sivyo?"

"Ndivyo," sauti ikajibu kabla Elpidius hajafungua kinywa.

"Sasa mimi niko wapi?"

Magunia ya pumba yakatikisika.

"Balozi, mwambie atazame. Mimi niko hapa kwake. Kwangu sipo. Alisema mchi wangu uko kule, ni kama niko. Mchi wangu ni huu hapa. Alisema mkeka wangu uko kule. Mkeka ni huu hapa. Kule bondeni hakuna mama mkwe hata kidogo, kuna baba mkwe peke yake. Na injini imezimwa, kwa hiyo waya hauwezi kumuuma. Siku nyingine nzuri kama hii ya kukata matawi ataipata lini? Nami sitaondoka hapa mpaka amalize, ili asije akapata aibu ya kunikuta. Hiyo si adabu?"

Kulikuwa na kitambo kidogo ambapo watu walikuwa wanapima, kama mtu anayeonja mchuzi. Kisha Nyirabageni akapiga makofi, na uwanja mzima ukalipuka. Wanawake wakapiga vigelegele. "Kweli kabisa!" "Huko hakuna mama mkwe!" "Projest, umebanwa!" Hata Elpidius alikuwa anacheka ndani ya koti.

"Nyirabageni! Tangaza!"

"Anainuka! Anajikuna kisogo! Anakuna sana! Ee... ameomba panga! Amepewa panga! Amekimbia! Ma Adelgunda, mkwe wako anakimbia kama amefukuzwa na nyuki! Wanaume wanamfuata na ngazi!"

Nilikaa pale nikisikia miguu ikishuka kilima. Moyo ulikuwa unanienda mbio kama msichana aliyechumbiwa. Jua lilikuwa limezama nusu. Ghafla mtoto akapiga kelele, "Huyo! Huyo senene! Na mwingine!" Na mimi nimejifunika kanga, sioni chochote!

"Ni kweli?" nikauliza.

"Mmoja amenitulia begani," Nyirabageni akasema, sauti imekwenda juu. "Mtoeni! Mtoeni!"

Kutoka bondeni tukaanza kulisikia panga. Ko. Ko. Ko. Halafu ikaja sauti nyingine ambayo sikuitambua mara moja, kwa kuwa nilikuwa sijaisikia tangu wakati wa kahawa. Ilikuwa ya Ta Rweyemamu. Alikuwa amesogea mpaka dirishani, nikaambiwa baadaye, amejishikilia kwenye fremu, anamfokea mkwewe.

"Si hilo! Hilo la kushoto! Wewe hata mti hujui kukata? Kata chini zaidi! Chini! Ulitegemea nini ulipopanda mtoma, kijana, ulitegemea uzae misumari?"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Mimi nilicheka pia, na kanga ilinisaidia, maana hakuna aliyeona kwamba nilikuwa nafuta macho.

Panga likanyamaza. Sasa likaja jambo ambalo katika ujanja wangu wote sikulifikiria. Projest alikuwa anarudi kuwasha injini, nami nilitakiwa kwenda kwangu kungojea senene, na njia ya kutoka senta hadi bondeni ni moja tu, nyembamba, imebanwa na migomba pande zote.

"Elpidius!" nikaita. "Wewe ni balozi. Tupitishe!"

Akavua koti, akasimama katikati ya njia, mikono juu, kama askari wa barabarani mjini. Placidia akakimbia mbele yangu akiita, "Mama anapita! Mama anapita!" Kutoka bondeni wakajibu, "Projest anapanda! Projest anapanda!" Kigoda niliwaachia, mchi na mkeka nikavikumbatia, kanga machoni, Nyirabageni ananivuta mkono. Magoti yangu siku hiyo yalisahau kwamba ni magoti. Tulikimbia! Mimi, mwanamke mwenye wajukuu!

"Mama, kulia! Ingia kulia!" Elpidius akapaza sauti. "Projest, kushoto! Kushoto kwako, si kwangu!"

Nikajitupa migombani upande wa kulia. Nikasikia kishindo cha mtu anajitupa upande wa kushoto.  Tulikuwa karibu hivi kwamba nilisikia anavyohema. Jani la mgomba ndilo lilikuwa mpaka wetu.

Kisha sauti ikasema, taratibu, bila balozi, bila Placidia, kana kwamba inazungumza na mgomba wenyewe. "Baba yuko dirishani. Amenitukana vizuri sana."

Nami nikauambia mgomba wangu, "Ndiyo malalamiko yanavyotakiwa kufika."

Mgomba wa upande wa pili ukacheka. Kisha akakimbia juu, mimi nikakimbia chini.

Nilipofika nyumbani, matawi yote yalikuwa yamepangwa vizuri kando ya jiko, yamekatwa urefu wa kuni, na nguzo imesimama uchi kama mtu aliyenyolewa. Nilikuwa sijamaliza kufunga shuka ukutani nilipoisikia injini kule juu. Ikakohoa. Ikakohoa tena. Halafu ikashika, tu-tu-tu-tu, na taa yangu ikawaka.

Nilifunga macho. Ilikuwa nyeupe! Nyeupe kama jino la mtoto! Niliona kila jani la mbuni, niliona ufa wa ukuta ambao sikuwahi kujua kwamba ninao. Nyirabageni akasema, "Yesu, Ma Adelgunda, mbona umezeeka hivi?"

Na senene wakaja.

Walikuja kwanza mmoja mmoja, kama wageni wa arusi wanaoona aibu kufika mapema. Halafu wakaja kama mvua. Wa kijani, wa kahawia, wakigonga bati ti-ti-ti-ti, wakitua kwenye shuka, kichwani, shingoni, ndani ya gauni. Nilikuwa nawakamata kwa mikono miwili, nacheka, napiga kelele, nawatia ndooni, naweka kifuniko, nafungua, natia wengine. Nyirabageni alinishikia ndoo huku macho ameyafumba na uso ameugeuzia migombani. Kila mmoja alipomgusa alikuwa anamwita mtakatifu mwingine, na kwa usiku ule nafikiri aliwamaliza wote. Lakini ndoo hakuiachia.

Kutoka dirishani mzee wangu alikuwa anaelekeza. "Pale! Nyuma yako! Umemwacha mkubwa!"

Ndoo ilipojaa, nikamshukuru jirani yangu, akaenda zake akijikung'uta kila hatua. Nikakaa kwenye mkeka chini ya taa, nikawanyonyoa mabawa na miguu, nikawasha moto jikoni, nikaweka chungu. Senene hawahitaji mafuta ya mtu, wana yao. Wakaanza kulia chunguni, harufu ikaenea nyumba nzima, na nikasikia kitanda kinalalamika. Ta Rweyemamu alikuwa amekaa kitako.

Nikampelekea kwenye sahani, nikapiga goti la kulia, lile lenye nafuu. "Pokea, mume wangu. Wa mkono wangu."

Akachukua mmoja. Akamtazama kwenye ule mwanga, akamtia kinywani.  Akatafuna polepole, macho yametazama darini. Akachukua wa pili. Wa tatu. Halafu wakawa wawili wawili. Vidole vyake, ambavyo jana vilikuwa vinatetemeka kushika kijiko, vilikuwa vinakwenda sahanini na kurudi bila kupotea.

Nikangojea aseme neno. Alipofika nusu ya sahani, akaacha kutafuna, akanitazama kwa uso wa hakimu.

"Adelgunda."

"Abee."

"Chumvi haitoshi."

Nilikimbia kuifuata chumvi, nikaipita, nikaenda mpaka nje nikapiga kigelegele kimoja chini ya ile taa, ndipo nikarudi nayo.